Kumbe Mimi ni Hetero

Hebu niambie, wewe ulijua lini unapenda watu gani? Siulizi nani aliletwa na wazazi, nauliza moyo. Mimi sikuwahi kujiuliza mpaka nikazeeka.

Mjukuu wangu mmoja, msichana, anashona nguo huko Kawangware, mtaa wa Kongo. Mimi nakaa Kibera, hapa kijiji cha Raila. Kila Jumapili alikuwa anakuja tunapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, halafu akaacha. Miezi mitatu! Nikajua ni mimi. Nilikuwa nimempelekea vijana wawili wa kanisa wa kumuoa, mafundi, wenye meno mazuri. Yeye akampima kila mmoja suruali, akamwambia kwaheri.

Nikamwendea. Nikampata kwa cherehani, hata kichwa hakuinua.

"Susu," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "leo umekuja na nani?"

"Na miguu yangu tu."

Akacheka kidogo, halafu uso ukabadilika. Akaniambia pole pole, yeye havutiwi na wanaume. Anavutiwa na wanawake. Akavuta uzi mpaka ukakatika.

Mimi na mdomo wangu nikaona nimepata dawa. "Si basi uoe! Shangazi yangu huko Kitui alikosa watoto, akatoa mbuzi za mahari, akaoa msichana. Sisi Wakamba tunaita iweto, si ajabu. Watoto wakawa wake."

"Na baba ya hao watoto?"

"Kulikuwa na mwanaume anakuja."

"Shangazi alimpenda huyo msichana?"

Shangazi? Alimtuma maji, akamtuma kuni. Kila mtu alilala kwake.

"Hiyo ilikuwa ya kupata watoto, Susu. Yangu ni ya moyo. Kama yako na babu."

Akasema hata yangu ina jina. Mwanamke akivutiwa na wanaume, ama mwanaume akivutiwa na wanawake, anaitwa heterosekshuali. "Wewe ni hetero."

"Ai! Na mimi nilidhani niko tu!"

"Ulichagua siku gani?"

Nikamkumbuka marehemu mume wangu akiwa kijana, anapiga randa mbao, maranda yamejaa kwa nywele. Nilipita hapo mara nne nikitafuta mbuzi ambaye hakuwa amepotea. Nani alinituma? Hakuna.

Halafu akaniuliza, macho chini, "Unataka nisikuje kwako tena?"

Hapo ndipo niliumia. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni, na alikuwa ananiogopa. Nikavuta stuli karibu naye. Nikamwambia yote sijaelewa, na pengine nitakufa kabla nielewe. Lakini kijana mwingine simletei. Na muthokoi ya mtu mmoja mimi sijui kupika, nimekuwa nikimwaga.

Akalia. Na mimi nikalia, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi.

Akanishika mkono. "Jumapili nakuja, Susu. Na kuanzia leo sitakuficha maisha yangu, hata ukiniuliza yale maswali yako mabaya."