Jirani Anayepanda Miti

Jirani yangu wa mpakani hupanda mti kama mtu anayetandika kitanda chake mwenyewe: taratibu, akijua atalala hapo. Mashamba yalipogawiwa kwa kura, yeye alipata la kwake na hati juu. Mimi nilirudi mikono mitupu. Kila asubuhi jirani hushindilia udongo kwa kisigino, hujipangusa mikono kwenye gauni, kisha huniita, "Dada, umeamkaje?" Sauti yake haina haraka hata kidogo, na hicho ndicho kinachonichoma. Nakionea wivu hata hicho kisigino. Mimi nalima shamba la kukodi: mahindi ruksa, maharage ruksa, mti marufuku, maana mwenye shamba anasema anayepanda mti leo, kesho atadai ardhi. Jana jirani alinipitishia mche wa mparachichi juu ya uzio. "Panda, dada. Wajukuu zako watakuja kula." Nikacheka kicheko cha meno tu, moyoni nawaka. Mche nimeupanda, lakini kwenye ndoo kuukuu. Nilichagua yenye kishikio, ili siku tukifukuzwa niubebe.