Sweta la Kiwanjani

Wiki iliyopita mafundi walimwaga lori la mchanga mbele ya jengo letu hapa Gerezani, na alfajiri mvua ikaupiga. Nilipofungua dirisha baada ya swala, harufu ya mchanga uliolowa ilipanda mpaka ghorofa ya tatu, ikanikuta na tasbihi mkononi. Nikasahau nilikuwa nimefika wapi. Mwenyezi Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimerudi utotoni, kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba yetu.

Kiwanja chenyewe kilikuwa mchanga mtupu kati ya nyumba na uzio wa reli, pamoja na behewa bovu ambalo wavulana walilifanya leo duka, kesho ikulu. King'ora cha karakana kikilia jioni, watoto walimiminika kutoka kila uchochoro. Wote isipokuwa mimi.

Nililelewa na bibi, mama wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo mno, hata sura yake siikumbuki. Nilipoanza shule niliugua kifua, nikalazwa, na niliporudi bibi alikuwa ameshaamua kwamba ugonjwa ule niliupata kwenye upepo wa kiwanjani. Akanifumia sweta la kijani. Fikirieni, ndugu zangu, sweta la sufu katika joto la Dar es Salaam. Nililivaa shuleni, nikalivaa chuoni kwenye Qurani, na jioni nililivaa kwenye baraza ya nyuma nikiwatazama wenzangu wakicheza rede. Jirani akisema, "Mtoto utamchemsha huyo," bibi alijibu, "Afadhali achemke kuliko apoe."

Kila siku rafiki yangu Chausiku, ambaye wazazi wake walitoka Lindi, alikuja kuniombea ruhusa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haendi."

Lakini kukaa hakukunisaidia. Baada ya magharibi nilikuwa namsomea bibi Qurani, na pumzi yangu ilizidi kuwa fupi. Nilikatika katikati ya aya, nikameza mate, nikaanza upya. Bibi hakunikemea. Alishusha macho tu, na kesho yake alinifunga vifungo vyote vya sweta mpaka shingoni. Akaanza kusema atanipeleka Kilwa kwa dada yake, nikakae huko mpaka nitakapopata nguvu. Nililia sana kwa siri, kwa sababu sikutaka kumwacha.

Siku moja alikwenda sokoni Kariakoo kununua nazi. Mpira ukaruka mpaka barazani, nikaupeleka, na Chausiku akanishika mkono. "Jaza chupa moja tu," akasema. Katika rede, wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa matambara, na wa katikati hujaza chupa mchanga huku akikwepa. Nikaingia katikati na sweta langu. Nilikuwa mzito kama gunia, lakini nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Chupa haijafika nusu, nikamwona bibi. Alikuja moja kwa moja, kikapu cha nazi kichwani, akaingia katikati ya mchezo kunitoa. Mrushaji wa upande wa pili hakumwona, akavurumisha mpira. Bibi akapinda kiuno, mpira ukapita mgongoni, na kikapu hakikutikisika. Chausiku akaudaka na, kwa mazoea tu, akarusha tena. Bibi akainua mguu, mpira ukapita chini.

Wachezaji wote wakamgeukia.

"Bibi," Chausiku akauliza polepole, "wewe ulicheza wapi?"

"Hapa hapa, kabla hilo behewa halijatupwa. Na wewe unarusha kama mtu anayeepua sufuria." Akanitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimelowa jasho na bado nacheka. Akakitua kikapu. "Vua hilo sweta. Utakwepaje umevaa blanketi?"

Tangu hapo nilicheza kila jioni mpaka adhana ya magharibi. Sikujua pumzi ilirudi lini. Najua tu kwamba siku moja niliisoma aya ndefu kwa mkupuo mmoja, na bibi akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Safari ya Kilwa haikutajwa tena.

Wakati wote nikicheza, yeye alikaa barazani na tasbihi, sweta mapajani. Niliamini anamdhukuru Mola, nikajivunia bibi mcha Mungu. Nilikuja kuambiwa nikiwa mtu mzima kwamba mama yangu alikufa kwa kifua hicho hicho. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona na nisikitafakari: zile punje za tasbihi hazikuwa zikisogea. Bibi alikuwa ananitazama mimi. Kila jioni aliogopa, na kila jioni aliniachia.

Kiwanja sasa ni maghorofa na maduka ya vipuri. Mjukuu wangu Nasra hucheza mpira kwenye korido mpaka majirani wanagonga mlango. Siku ile ya mvua, alipotoka shule, aliuona ule mchanga kutoka dirishani.

"Bibi, watoto wako chini. Naomba nishuke."

Upepo ulikuwa wa baridi, na wiki hiyo alikuwa amekohoa. Neno la kumkatalia lilishanifika mdomoni.

"Shuka," nikasema.

Nikamfuata, nikaketi kwenye ngazi ya mlangoni na tasbihi yangu. Alipogeuka kunipungia mkono, nikaona kumbe nimemchukulia sweta. Nikalikunja upesi, nikalikalia.