Lubugo ya Bibi Nyuma ya Kioo

Nilifua lubugo kwa sabuni ya mche. Mhaya yeyote aliyekulia kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, anajua kwamba nguo ya gome la mti haifuliwi. Huanikwa kidogo, hukung'utwa, basi. Lakini mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, na masomo ya usafi yalikuwa yamenikaa vizuri kichwani.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, machifu wamekwisha kuondolewa, na mjini Bukoba palikuwa na chumba kimoja tulichokiita makumbusho. Kilinifaa sana. Mtu anayechukia safari hata ya gulioni alipewa kiti, ufunguo, na kazi ya kulinda nguo za watu wa kale zisiende popote. Mimi na nguo tulielewana.

Lubugo ile ilikuwa ya bibi yangu wa Muleba. Marehemu babu aliipiga mwenyewe kwa nyundo ya mti, gome likitoka kwenye mtoma wa nyuma ya nyumba, na bibi akaitunza iwe sanda yake. Alikubali tuionyeshe kwa sharti moja.

"Nikiita, uilete. Sitaki kufika kwa babu yako nimevaa kama mgeni."

Siku moja tukaambiwa mkubwa fulani anakuja kutembelea. Nikaona vumbi na mavi ya panya kwenye mikunjo, nikachukua beseni. Nilipoikamua kama ninavyokamua shati, ikabaki mikononi vipande vipande, laini kama ndizi zilizopondwa. Nikavitandaza juu ya ubao, nikavigandisha kwa uji wa muhogo, nikafunika kwa kioo. Mkubwa alisimama hapo kwa muda mrefu kuliko penginepo pote, akanisifu kwa utunzaji. Nikamshukuru. Na kweli ilipendeza, ila isingeweza kuinuliwa tena.

Nilitafuta nyingine. Mitoma mingi ilikuwa imekatwa kupisha kahawa, na mpigaji wa mwisho wa lubugo tuliyemjua alikuwa amehamia kisiwani Bumbire, anavua samaki.

Bibi akaita. Nikapanda basi la Muleba mikono mitupu, nikamkuta kitandani, amebaki mifupa na macho.

"Iko wapi?"

"Bado wanaitazama, waitu," nikasema, kwa neno letu la heshima.

"Wameitazama vya kutosha."

Uongo ukanikauka mdomoni. "Niliifua, bibi."

"Kwa maji?"

"Na sabuni."

Akatoa sauti ambayo zamani ingekuwa kicheko. "Na shule ulikwenda," akasema, akageukia ukutani. Hakunisemesha tena mpaka alipokata roho.

Duka la ushirika halikuwa na kitambaa hata cha kufungia chumvi. Tukapata shuka moja, tena fupi. Tukilivuta kufunika uso, miguu inatoka. Tukilivuta chini, uso unabaki wazi. Baba akaamua tufunike uso. Nami nilisimama upande wa miguu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kunipisha kwingine.

Mama jirani, aliyekuwa amemwosha, alimtazama bibi, akanitazama mimi, kisha akasema bila kupunguza sauti:

"Sanda yake iko mjini inaangaliwa na wageni, na sisi hapa tunaangalia miguu yake."