Wakuru Wawili, Barua Pepe Moja

Nakumbuka siku moja nimekaa kwenye duka la stationari kule Bweri, kompyuta inaniambia nimeshajiandikisha chuo cha uuguzi. Mwanangu, nilikuwa sijajiandikisha popote! Jina la kuingilia limetumika, barua pepe imetumika. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni ileile, na uuguzi niliutaka kuliko chakula.

Kijana wa duka akasema labda nimesahau neno la siri, tulibadilishe. Tukaingia. Jina ni langu, Wakuru Magesa, ila alama si zangu, na picha ni ya dada yangu wa Bunda, mtoto wa baba mkubwa. Ndipo nikakumbuka kwamba tulipokuwa shule tulifunguliwa barua pepe moja tukaitumia wote, maana sote tumerithi jina la bibi.

“Futa, weka zako,” kijana akasema. “Jina si ni lilelile?”

Nilichanganyikiwa kabisa. Jina langu, barua pepe yangu, sasa huyu ni mimi au si mimi? Nikampigia bibi kule Butiama, nikamweleza nusunusu, maana hata mimi sikuelewa.

“Nikiitaga Wakuru mnaitikaga wawili,” bibi akasema. “Nami naulizaga, wa Bunda au wa Bweri? Hiyo mashine imekuuliza tu wewe ni yupi. Mbona badala ya kujibu unataka kumfuta mwenzio?”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu nilikuwa bado nalihitaji. Nikatoka humo bila kugusa kitu kingine, nikafungua barua pepe mpya, yangu mwenyewe, nikajiandikisha upya kwa jina jingine la kuingilia. Nilipompigia dada kumpa neno la siri jipya, nilimkuta analia. Ameshindwa kuingia, anadhani ameibiwa.

Mwaka ule alichaguliwa yeye, mimi nikakosa. Niliumia, sikufichi. Lakini kwa alama zangu zile, ningemfuta tungekosa wote wawili.

Basi, mwanangu unayejifunza kutengeneza tovuti, fomu yako ikague kabla ya kuhifadhi: barua pepe isijirudie, jina la kuingilia lisijirudie. Majina ya kuzaliwa yaache yafanane, huku mkoani Mara tunarithishana. Na ukimkataa mtu, mwambie wazi kwa nini, na afanye nini.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayebisha hodi kwenye kazi yako aulizwe kwa upole yeye ni nani.