Termosi ya Kwenda Kigali

Dada yangu mdogo alijifungua Kigali wakati barabara ya kwenda huko ilikuwa inaogopwa na kila mtu. Magari yalitegwa na kushambuliwa milimani, na mtaani kwetu Buyenzi, upande wa pili wa mpaka, tulikuwa tumeshazika watu wa safari hiyo. Shemeji akatuma tikiti mbili za ndege, yangu na ya Mama. Mama akakataa. Ujanani alikwenda Kigali kwa lori wakalala njiani, kwa hiyo habari ya nusu saa angani aliiona ni uongo wa wauza tikiti.

"Mwenda pole hajikwai," akaniambia.

"Mama, barabara ile siku hizi hata mwenda pole anajikwaa."

Mimi ni fundi wa magari, mbishi tangu utotoni, ila ubishi huo nimeurithi kwake, kwa hiyo simuwezi. Akapika uji wa pilipili manga, ule ambao mzazi hupikiwa na mama yake, akaujaza kwenye termosi.

"Peleka. Ukifika moto, nitajua ni karibu kweli, nitakuja kumushika mutoto. Ukifika baridi, apana, mi siendi."

Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili. Nilitaka Mama amshike kabla ya arobaini, maana dada alikuwa akilia kila tukiongea kwenye simu.

Nilivaa shati langu la Idi, nikaipakata ile termosi. Uwanjani tukakaa, tukakaa. Ndege ilichelewa masaa matatu, nami nikamuuliza mhudumu mpaka akawa ananikwepa.

Lakini ilipopaa, wallahi nilisahau uji. Niliisikiliza mota ikivuta, safi, haina hata kikohozi, na moyo wangu ukapaa nayo. Mtaa mzima wa Ngagara, na nyumba zake za kupangwa kwa namba, ningeweza kuifunika kwa kiganja. Ile milima tuliyokuwa tunaiogopa ikapita chini yangu, kijani tu. Nikapewa soda, na kabla sijaimaliza tukaambiwa tufunge mikanda. Nilicheka peke yangu, jirani yangu akasogea pembeni kidogo.

Nilipofika kwao, dada akaifungua termosi, akanywa funda moja. Akanipa kikombe na mimi nionje. Uji ulikuwa vuguvugu. Nilikasirika karibu nilie, masaa matatu ya kukaa kwenye benchi yameniharibia kazi. Dada akapiga simu kwenye duka la jirani yetu Buyenzi, Mama akaitwa.

"Mama, uji wako umeniunguza ulimi," akasema.

Wiki iliyofuata Mama alishuka Kigali na termosi nyingine. Ndege yake nayo ilikuwa imechelewa. Alipofika nyumbani alinawa mikono, akamimina uji kwenye kikombe, akauonja mwenyewe kwanza. Akanitazama, akamtazama dada. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Waongo wakubwa," akasema, akampa dada kile kikombe. "Sasa muniletee mutoto."