Flashi ya Mwenzangu

Shule yetu ya Sirisia haikuwa na mtandao. Ilikuwa na projekta moja na walimu wawili wa biolojia tulioajiriwa na bodi kwa mkataba: mimi na madam mmoja niliyemaliza naye chuo. Muhula uliofuata angebaki mmoja. Mwalimu mkuu angetusikiliza darasani, kisha aamue.

Madam alikuwa ameshawaonyesha wanafunzi video ya moyo ukipiga. Wakaanza kuniuliza nje ya darasa, "Mwalimu, na wewe utatuletea sinema lini?" Nilicheka nao, halafu nikakaa wiki nzima nikijiuliza kama yeye ndiye aliyewatuma.

Jumamosi nikaenda Kitale kwa shangazi yangu, mtaa wa Tuwan, ili nitumie mtandao wa maktaba. Niliingia mlango ulipofunguliwa, nikatoka mkutubi akifunga madirisha. Kila nilipopata video nzuri ya figo niliogopa kwamba madam angepata nzuri zaidi. Nilihifadhi arobaini.

Jumatatu, mwalimu mkuu akiwa ameketi nyuma, nilibofya ya kwanza. Ukutani kukatokea kiduara kinachozunguka. Nikabofya ya pili. Kiduara. Hapo ndipo nilipoelewa: nilikuwa nimehifadhi anwani tu. Video zenyewe zilibaki Kitale.

"Ati figo ndiyo hiyo inazunguka?" mwanafunzi mmoja akauliza. Darasa zima likacheka.

Madam, ambaye naye alikuja kusikiliza, akanisogelea na flashi mkononi.

"Shika, mwalimu. Figo iko ndani."

"Nitachora."

"Si utumie tu, bana. Dakika zinaisha."

"Nimesema nitachora."

Ningeipokea, kila aliyekuwa mle angejua somo ni lake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikachora figo kwa chaki, nikaifuta, nikachora tena kubwa zaidi. Kengele ililia kabla sijafika kwenye kibofu.

Mkataba akapewa yeye. Alinitumia ujumbe wa pole, na nimeusoma mara nyingi nikitafuta mahali aliponidharau. Sijapaona, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Siku hizi naishi kwa shangazi. Jumamosi bado naenda maktaba ile ile. Napakua kila video mpaka mwisho, nazima mtandao, naifungua nione kama inacheza. Zote zinacheza. Sina darasa la kuzionyesha.