Macho Manane ya Maige

Mkwe wangu Maige ana macho kumi. Mawili alizaliwa nayo, manane aliyanunua Mwanza. Nitasema habari zake, maana ni mtu mwema, na watu wema huwa hatuwasemi mpaka wafe.

Alianzia Malampaka, pale stesheni, akiuza chumvi ya ng'ombe na kamba. Alilala juu ya bidhaa zake, na mlango wake ulikuwa gunia. Hakuibiwa hata mara moja. Baadaye pamba ikamwendea vizuri. Akahamia Bariadi, akamuoa binti yangu Martha, akafungua duka la pembejeo: mbegu, dawa za pamba, pampu za kunyunyizia. Mali ilipoingia mlango wa mbele, woga ukaingia nao. Tangu hapo hajalala vizuri.

Akamwita fundi wa kamera, Elineema, kijana wa Upareni mwenye ngazi ndefu na maneno mengi. Wakafunga kamera nane. Picha zote ziliingia kwenye kisanduku kimoja, na kisanduku hicho, pamoja na kumbukumbu zote za duka, kikafungiwa kwenye kabati la chuma. Ufunguo akauvaa shingoni kama hirizi. Neno la siri la kufungulia picha akalificha kichwani.

"Na mimi mkeo nisilijue?" Martha akauliza.

"Mali ni yetu wote," akasema Maige. "Neno la siri ni langu."

Kamera ya nane ilitazama uani, kwenye mlango wa nyuma wa stoo. Uani ndiko alikokuwa mke wangu, Milembe. Tulimleta mjini kwa ajili ya kifua, awe karibu na hospitali. Mimi nilibaki kijijini kwetu Mkula na mifugo, nikija kumwona kila nilipopata mtu wa kuniangalizia.

Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Milembe alijua heshima. Kabla hajatoka chumbani alikohoa, ili Maige apate pa kukimbilia. Lakini kifua kilipozidi, alikohoa mchana kutwa, na Maige akakimbia mchana kutwa.

Siku kamera zilipowashwa, Maige aliketi mbele ya luninga yake yenye madirisha manane, kila kamera na dirisha lake, wateja wamejaa. Mara kwenye dirisha la nane akatokea Milembe, amenyoosha miguu juani, anachambua choroko, kanga imemdondoka kichwani. Maige akazama chini ya kaunta.

"Bosi, kuna nyoka?" mteja akauliza.

"Kuna mkwe!"

Elineema akaitwa arudi.

"Niitoe hiyo kamera, kaka?"

"Usiitoe! Wezi je?"

"Basi usiitazame."

"Nitaachaje kuitazama, na iko mbele ya macho?"

Maige akakata kipande cha kanga, akakibandika juu ya dirisha la nane. Elineema akakitazama, akabeba ngazi yake. "Nimefunga kamera mikoa mitatu," akasema. "Sijawahi kuona kamera inayofunikwa kichwa."

Milembe akafariki mwezi wa pili baada ya hapo. Tukamzika Mkula.

Matanga yalipokwisha nilitafuta picha yake. Ipo moja, ya kadi ya kupigia kura. Amekunja uso kama amekamatwa na wizi wa mbuzi. Huyo si yeye. Ndipo nikakumbuka kamera ya Maige. Nikapanda gari mpaka Bariadi.

"Mwadila, baba," akanisalimu, ameinama.

"Mwadila. Nimekuja kumwona mke wangu."

Akadhani nimerukwa na akili. Nikamwonyesha luninga kwa fimbo.

"Picha zipo, baba," akasema. "Ila hazikai sana. Mwezi na kidogo, halafu picha mpya zinakula za zamani."

"Basi fungua leo."

"Siwezi, baba. Nikizitafuta, nitamwona."

"Mwambie Martha hilo neno, azitafute yeye."

Akashika ufunguo shingoni. "Baba, usalama wa biashara..."

Nikatazama luninga. Kipande cha kanga bado kilikuwa palepale.

"Na hicho? Amekwisha kuzikwa."

"Nguo zake bado ziko kwenye kamba uani, baba. Nikiziona ni kama nimemwona yeye."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwenye kuweza kufungua haruhusiwi kutazama, na mwenye ruhusa ya kutazama haaminiwi. Na mle kabatini, kila jua likichwa, mashine inakula siku moja ya Milembe. Nikakaa hapo uani kwenye kigoda chake siku kadhaa, nikingoja adabu imwishe. Haikuisha. Nikarudi Mkula kuangalia ng'ombe.

Hazikupita siku nyingi Martha akanipigia simu. Wameibiwa. Nikapanda gari tena.

Wezi walikuja mchana kweupe. Walirudisha guta la mizigo kinyumenyume mpaka uani, wakaingia stoo kwa mlango wa nyuma, wakapakia pampu zote na dawa. Maige wakati huo alikuwa mbele ya luninga, anamkazia macho bibi mmoja aliyeshika pakiti ya mbegu kwa muda mrefu. Madirisha saba yalikuwa shwari. La nane lilikuwa na kanga.

Nilimkuta askari dukani. Alikuwa amebandua kile kipande cha kanga; picha za siku ile hazikuhitaji neno la siri, na wezi walionekana vizuri, kofia zao hasa.

"Mlango haukuvunjwa," askari akasema. "Ulikuwa wazi. Turudi nyuma siku zote zilizomo. Lazima walikuja kwanza kuchungulia."

Maige akamwita Martha pembeni, akamnong'oneza neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa jina la dume la ng'ombe la marehemu baba yake. Wangeulizwa watu wa Malampaka, wote wangelitaja. Kisha akageuka, akasimama uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Huyu vipi?" askari akaniuliza.

"Ana adabu," nikasema.

Martha akarudisha picha nyuma, siku baada ya siku. Nikapita mimi mwenyewe kwenye kigoda. Uani patupu. Uani patupu. Karibu zimalizike, kwenye siku ya zamani kuliko zote, akatoka Milembe.

Alitembea polepole, mkono kifuani. Akaufikia mlango wa stoo, ulikuwa umeachwa wazi. Akausukuma, akatia komeo. Kisha akainua uso, akaitazama kamera, wazi kabisa, uso wote. Akausonta mlango kwa kidole, akasema maneno. Sauti haikuwepo. Akasonta tena, akatikisa kichwa vile alivyokuwa akinitikisia mimi miaka yote.

Martha akaanza kulia. "Alikuwa anafanya hivi kila siku, baba. Nilidhani anaongea peke yake."

Hakuwa peke yake. Kumsema mkwe usoni ni mwiko, akaona kumsema kwa mashine si mwiko. Alijua mkwe wake yuko upande wa pili, anatazama. Si ndiyo kazi ya kamera?

"Baba," Maige akaita, uso bado ukutani. "Anasema nini?"

Nilikuwa nautazama ule uso.

"Anasema funga mlango," nikamwambia. "Martha, rudisha tena."